Stebilaiza ya pikapu isitolewe ovyo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nizungumze na madereva wenzangu, wenye magari, na hasa ndugu zetu mafundi, juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa dogo. Jambo lenyewe ni stebilaiza ya mbele ya pikapu, yaani ile nondo nene ya chuma inayopita chini ya gari kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Najua barua yangu itakuwa ndefu, lakini nakuomba usiikate, maana kuna mtu ameumia.

Mimi ni mfanyabiashara wa mboga hapa Soni, wilaya ya Lushoto. Nina pikapu ya Kijapani ya tani moja, si mpya, ambayo kazi yake ni kukusanya kabichi, karoti na viazi kutoka vijijini na kuviteremsha hadi Mombo, ambako hupakiwa kwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam. Wanaoifahamu barabara yetu ya kutoka Mombo kupanda Lushoto hawahitaji kuelezwa. Ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine bonde.

Mwaka jana gari langu lilianza kugonga upande wa mbele. Kila nikipita kwenye makorongo lilikuwa linalia ko-ko-ko chini ya miguu yangu. Nikalipeleka kwa fundi, ambaye sitamtaja wala kutaja gereji yake, kwa sababu nia yangu si kumharibia mtu riziki. Fundi akalala chini ya gari, akatoka akanionyesha linki ya stebilaiza iliyokatika na bushi zilizokwisha. Nikamwuliza dawa yake nini. Akaniambia, "Mzee, hiki chuma hakina kazi. Tukitoe tu. Wenzako wote wanatoa, na gari litakuwa laini kuliko lilivyotoka kiwandani." Nikauliza mara ya pili kama hakuna hatari. Akacheka, akasema kama kingekuwa na kazi basi hata nyuma kingekuwepo, na nyuma ya pikapu yangu hakipo.

Kwa kweli jibu lile lilinishika. Nilichungulia nyuma, nikakuta ni kweli hakuna kitu isipokuwa springi za mabapa na shokapu. Nikaona fundi ana akili, na mimi nimeokoa fedha za linki na bushi. Chuma kikatolewa, nikalipa ujira, nikaondoka.

Lazima niseme ukweli wote, hata ule unaonisuta. Kwa wiki tatu za mwanzo nilimsifu yule fundi kila mahali. Kelele zilikwisha. Katika njia za vijijini, ambako gurudumu moja hupanda jiwe wakati jingine limo shimoni, pikapu yangu ilikuwa inatembea kama ngamia, kila mguu unakwenda kwa wakati wake na bodi inabaki imetulia. Hata kwenye matope ilikuwa inashika vizuri zaidi, maana gurudumu lililo shimoni halikuning'inia hewani kama zamani. Nikawashauri jamaa wawili nao watoe za kwao. Mmoja wao akatoa.

Siku ya ajali tulikuwa tumepakia matenga ya kabichi, na kwa kuwa soko lilikuwa zuri tulipanga safu moja zaidi ya kawaida, juu kupita paa la kibanda cha dereva. Utingo wangu, kijana wa jirani yangu, mwenye miaka 19, alikaa juu ya mzigo kushikilia turubai. Najua sheria haipendi mtu kukaa juu ya mzigo, na sitajitetea kwa hilo. Tulikuwa tunateremka, sindano iko kwenye 40, wala sikuwa na haraka. Katika kona moja nikakutana na basi linapanda likiwa limechukua katikati ya barabara. Nikakata kushoto kuelekea kwenye mwamba, na mara moja nikarudisha kulia ili nisiingie mtaroni.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijapata kuliona katika miaka 22 ya kushika usukani. Nilipokata kushoto, gari lililala kulia. Nilipolirudisha, halikusimama katikati. Lilipita, likaenda kulala upande wa kushoto kwa kishindo, kama mtumbwi ambao abiria wote wamehamia upande mmoja. Mkia nao ukachomoka kidogo. Usukani ukawa mwepesi mkononi, na nikajua magurudumu ya kulia yamebaki na uzito kidogo sana. Basi likapita. Gari likatua. Nikasimama, nikageuka, na juu ya turubai hapakuwa na mtu.

Kijana alitupwa upande wa kushoto, akaangukia kwenye mtaro chini ya mwamba. Mfupa wa bega ulivunjika na mkono ukateguka. Angetupwa upande wa pili, kwenye bonde, barua hii nisingeiandika. Tulimfikisha hospitali, akatibiwa, na gharama nililipa mimi kama ilivyonipasa. Lakini mama yake alipokuja alinisalimu kwa heshima zote, akakaa, kisha akaniuliza swali moja tu: "Baba, gari lilikuwa zima?"

Sikuweza kumjibu. Nilimwambia basi lilikuwa katikati ya barabara. Akaitikia kwa kichwa, akanyamaza. Niliporudi nyumbani usiku ule nikaona kwamba nimemjibu swali ambalo hakuniuliza.

Ndugu Mhariri, tangu siku ile nilianza kutafuta jibu la kweli. Nilikwenda kwanza kwa mzee mmoja ambaye alifundisha ufundi wa magari kwa miaka mingi na sasa amestaafu. Nilipomweleza, hakunikaripia. Aliomba rula ya plastiki ya mjukuu wake wa shule. Akaniambia niishike ncha mbili kwa mikono miwili, kisha niinue mikono yote kwa pamoja. Rula ikainuka bila taabu. Akasema, "Sasa geuza mkono wa kushoto mbele na wa kulia nyuma." Nikahisi rula inakataa, inataka kurudi ilivyokuwa. "Basi," akasema, "stebilaiza ndiyo hiyo. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, yenyewe inazunguka tu kwenye bushi zake na haina habari. Gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, inasokotwa, nayo inakataa kusokotwa."

Kumbe ni springi. Nondo ile imepindwa ncha zake mbili, katikati imefungwa kwenye chesisi kwa bushi za mpira, na ncha zimefungwa kwa linki kwenye mikono inayobeba magurudumu. Gari likipinda kona, bodi inataka kulala upande wa nje, springi za nje zinabanwa na za ndani zinaachia. Stebilaiza inachukua nguvu ya upande mmoja na kuipeleka upande wa pili, na bodi inalala kidogo zaidi. Si jambo jipya wala si anasa ya magari ya kisasa. Mkanada mmoja wa mji wa Fredericton, jina lake Stephen Coleman, alipewa hataza ya chuma cha namna hii mwaka 1919.

Na unene wake si wa kubahatisha. Mzee alinifundisha kwamba ugumu wa nondo inayosokotwa hupanda upesi sana kuliko unene wake. Ukitoka milimita 25 kwenda milimita 28 umeongeza milimita 3 tu, lakini ugumu umepanda kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo hata yule anayetoa ya gari lake na kufunga iliyotoka gari jingine kwa kuwa "zinafanana" naye hajui anachokifanya.

Nilimwuliza basi lile swali la fundi, kwa nini nyuma haipo. Akasema pikapu nyingi za mizigo hazina ya nyuma kwa sababu springi za mabapa za nyuma zimefanywa ngumu ili zibebe tani moja, na ugumu ule peke yake unazuia sana mkia kulala. Mbele ni kinyume. Mbele kumefanywa laini ili dereva na abiria wasiumie mgongo, na kila gurudumu lina mkono wake, kwa hiyo mbele pekee kungelala vibaya sana kama pasingekuwa na kitu cha kukukaza. Kile chuma ndicho kinachokukaza. Yaani ile hoja ya fundi wangu niliyoiona ya akili ilikuwa imepinduliwa. Kukosekana kwa chuma cha nyuma hakuonyeshi kwamba cha mbele ni cha bure. Mhandisi alihesabu mbele na nyuma kwa pamoja.

Jambo hili la mbele na nyuma ndilo ambalo ningependa mafundi walisikie vizuri, maana nadhani ndilo kubwa kuliko hata kule kulala kwenyewe. Gari linapopinda, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Huwezi kuuzuia usihame. Lakini uzito unaohama unagawanywa kati ya mbele na nyuma, na upande ulio mgumu zaidi kulala ndio unaochukua sehemu kubwa. Tairi likipewa uzito mwingi kupita mwenzake kwenye ekseli ileile, jozi ile inapoteza nguvu ya kushika barabara. Wenye viwanda hupenda mbele ndiyo ianze kuteleza, kwa sababu dereva wa kawaida akiona gari halipindi anaachia mafuta, mwendo unapungua, na gari linarudi. Ukiondoa stebilaiza ya mbele, mbele kunakuwa legelege, nyuma kunabaki kugumu vilevile, na mzigo wa kuzuia gari lisilale unahamia kwenye tairi za nyuma. Matokeo yake ni mkia kuchomoka. Mkia ukichomoka kwenye kona, dereva akaachia mafuta kwa hofu, ndipo unapochomoka zaidi. Mimi nilikuwa nimebadilisha tabia ya gari langu bila kulijua, kama mtu aliyebadilishiwa farasi usiku.

Lakini sikutaka kumwamini mzee kwa maneno tu, kama nilivyomwamini fundi kwa maneno tu. Nilirudi kwenye ile gereji kuulizia chuma changu. Nilikikuta nyuma ya banda, kwenye nyasi, kimelala pamoja na vingine vinne. Vitano vyote vilikuwa vizima. Vilichokosa ni linki na bushi, vitu ambavyo kwa seti nzima vinagharimu chini ya bei ya tairi moja. Nikakichukua changu. Hivyo vinne sijui magari yake yako wapi, na kusema kweli kila nikipishana na pikapu iliyojaa kwenye kona za huku navikumbuka.

Kabla ya kukifunga nilifanya jaribio, ambalo wasomaji mnaweza kulicheka. Nilikwenda Mombo kwenye kiwanja cha mpira, chini kwenye tambarare, nikapakia viroba vya mchanga, nikachora duara kwa chokaa. Nikabandika utepe wenye alama kwenye madigadi juu ya tairi la mbele, na mwanangu akapiga picha za video kwa simu wakati nazunguka kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Bila stebilaiza, madigadi ya upande wa nje yalishuka kulikaribia tairi kwa vidole vitano. Kisha tukakifunga chuma kwa linki na bushi mpya, tukarudia mzunguko uleule, mchanga uleule. Yalishuka vidole vitatu. Nilipojaribu kupinda kushoto na kulia kwa kufuatana kati ya chupa za maji nilizozipanga, tofauti ilikuwa kubwa zaidi ya hiyo, ingawa siwezi kuipima kwa vidole. Na chuma, gari lilikuwa linageuka na kutulia. Bila chuma, lilikuwa linageuka, linalala, na mimi tayari nimeshageuza upande wa pili huku lenyewe bado halijamaliza kulala upande wa kwanza. Kule kuchelewa ndiko kulikomtupa kijana.

Sasa nisimpake matope fundi peke yake, kwa sababu mzee yule alinipa pia dawa chungu. Aliniuliza, "Mzigo ulipanda kimo gani?" Nilipomwambia, akachukua karatasi. Marekani, akasema, idara ya serikali inayoshughulikia usalama wa barabara ina kipimo rahisi cha gari kupinduka. Unachukua nusu ya upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, unagawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka chini. Magari madogo ya abiria mengi hupata kati ya 1.30 na 1.50. Pikapu, jipu na magari ya mizigo ya aina hiyo hupata kati ya 1.00 na 1.30. Namba ikishuka, hatari inapanda. Akanichorea. Kama upana ni mita 1.50 na kitovu kiko mita 0.65, namba ni 1.15. Ukipanga matenga mpaka kitovu kikapanda kufika mita 0.90, namba imeshuka hadi 0.83, na hapo umetoka kabisa kwenye kundi la magari yaliyopimwa.

Kisha akaniuliza, "Katika hesabu hii stebilaiza iko wapi?" Nikatazama. Haipo. Ndiyo kusema chuma kile, hata kikiwa kipya, hakiwezi kuliokoa gari lililopakiwa kama mnara. Kinapunguza kulala, kinalifanya gari litulie upesi, kinagawa kazi sawa kati ya mbele na nyuma, lakini hakishushi kimo cha kabichi. Ile safu ya ziada ya matenga niliipanga mimi, si fundi. Kijana nilimweka mimi juu. Shokapu za nyuma nazo, nilipozikagua baadaye, moja ilikuwa imevuja mafuta siku nyingi. Kwa hiyo siku ile yalikutana mambo manne, na matatu kati ya hayo yalikuwa yangu.

Wapo watakaosema kwamba wameendesha pikapu bila stebilaiza miaka kumi na hawajapata ajali. Siwakatalii. Wapo pia wazee watakaokumbusha kwamba Land Rover za zamani, zile za kabla ya Defender, hazikuwa na chuma hiki kabisa na zilifika kila pembe ya nchi hii. Ni kweli hazikuwa nacho. Lakini zile zilikuwa na springi za mabapa mbele na nyuma, ngumu kote, zimefanywa hivyo tangu mwanzo, na kila aliyepanda anakumbuka mgongo wake ulivyokuwa. Wala hazikuwa zinakimbia kilomita 100 kwenye lami. Gari lililotengenezwa bila stebilaiza na gari lililonyang'anywa stebilaiza si kitu kimoja.

Wapo tena watakaosema, na hawa wana haki zaidi, kwamba porini chuma hiki ni kero. Nimekwisha kukiri kwamba njia za vijijini zilikuwa nzuri zaidi bila chuma. Hata viwanda vinajua. Jeep ya aina ya Rubicon ina swichi ya kuachanisha stebilaiza ya mbele gari likiwa polepole kwenye mawe, na Ram Power Wagon, ambayo ni pikapu kubwa ya Kimarekani, imekuwa na kifaa cha namna hiyo tangu mwaka 2005. Lakini tazameni walivyofanya. Mwendo ukipanda kwenye ile Jeep, kifaa kinajifunga tena chenyewe bila kumwomba dereva ruhusa. Waliotengeneza hawakumwamini mtu akumbuke kukirudisha kabla ya kufika kwenye lami. Sisi tunakitoa kwa spana na kukitupa kwenye nyasi.

Kama kuna mtu ambaye pikapu yake haitoki shambani, anabeba maji na majani ya ng'ombe kwa mwendo wa mtu anayetembea, mimi sina ugomvi naye. Akitaka kukiachanisha, aachanishe pande zote mbili, akifunge juu kisiguse tairi wala mpira wa breki, na linki zake aziweke kwenye gari, si nyumbani. Siku ya kwenda mjini azifunge. Lakini anayebeba mizigo na watu kwenye lami ya milimani, kwangu mimi jibu ni kwamba chuma kile ni sehemu ya gari kama breki zilivyo.

Kuhusu magari mapya yenye kompyuta ya kuzuia kuteleza, kijana mmoja wa hapa aliniambia kwamba yeye hana shida, kompyuta itamsaidia. Kompyuta ile inafunga breki za gurudumu mojamoja, na ni kitu kizuri sana. Lakini ilipangwa na kupimwa gari likiwa na vyuma vyake vyote. Na hata na vyuma vyote pikapu si gari la kuchezea. Gazeti la magari la Sweden liitwalo Teknikens Värld lilijaribu Toyota Hilux mwaka 2007 na tena mwaka 2016 katika jaribio la kukwepa kitu ghafla barabarani, kushoto kisha kulia kama nilivyokwepa basi, na mara zote mbili gari lilisimama kwa magurudumu ya upande mmoja. Hayo yalikuwa magari mapya, katika kiwanja cha majaribio, mbele ya dereva aliyejiandaa. Kampuni ilifanya marekebisho, na lilipojaribiwa tena mwaka 2017 lilifaulu. Mimi nilikuwa na gari kuukuu, mlimani, na nimeliondolea chuma.

Neno moja kwa mafundi, nalo ni la kazi, si la lawama. Linki moja ikikatika, stebilaiza nzima imekufa, kwa sababu ncha isiyoshikwa haina cha kusokotea. Nimeona pikapu hapa Soni ambayo upande mmoja wa stebilaiza umefungwa kwa mpira wa tyubu. Hiyo haina stebilaiza, ina pambo linaloweza kuanguka kwenye mpira wa breki. Na mnapofunga linki na bushi mpya, msikaze nati za mwisho gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Lishusheni magurudumu yakanyage chini ndipo mkaze, la sivyo bushi zinakaa zimesokotwa na zitakwisha kabla ya wakati wake. Hili nalo nilifundishwa na yule mzee, na fundi wa pili niliyemwendea alikuwa halijui, akashukuru.

Kwa wenye magari, ko-ko-ko ya mbele msiichukulie kuwa kelele tu. Nilikuwa na dakika tano za kuinama na kutikisa ile linki kwa mkono, sikuinama. Miaka yote nilikagua tairi, taa na breki kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa barabarani.

Kijana amepona, ingawa mkono haunyooki sawasawa. Hakutaka kurudi kwenye kazi ya utingo na sikumlazimisha. Sasa anajifunza useremala Lushoto mjini na ada nachangia. Siku moja nilimpitia mama yake nikamwomba anisikilize, nikamwambia, "Mama, uliniuliza gari lilikuwa zima. Halikuwa zima, na mzigo ulizidi." Akasema alikuwa analijua hilo, alitaka kusikia kutoka kwangu. Akanikaribisha chai.

Yule jamaa niliyemshauri atoe stebilaiza yake nilimfuata mara tatu. Mara ya tatu akakubali tukaifunge, kwa sharti kwamba bushi ninunue mimi. Nikanunua.

Limebaki jambo moja ambalo ningeomba wasomaji wenye ujuzi wanisaidie kupitia ukurasa huu. Nimeambiwa kwamba wapo wabeba mboga wanaofunga na stebilaiza ya nyuma kwenye pikapu zao ili mzigo mrefu usiyumbe. Yule mzee ana wasiwasi nalo. Anasema ukikaza nyuma bila kukaza mbele unarudi kulekule kwenye mkia kuchomoka, hasa mvua ikinyesha na gari likiwa tupu. Kama yupo dereva wa barabara za milimani, awe wa Lushoto, Mbeya au Uluguru, aliyeifunga na kuitumia msimu mzima, tafadhali aandike alivyoiona, gari likiwa na mzigo na likiwa tupu.

Dereva wa Mboga,
Soni, Lushoto.